Nyuklia ya Kumkomoa Baba Mdogo

Uhandisi wa nyuklia niliuchagua ili kumkomoa baba yangu mdogo. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba binti wa kijijini Nangwa amesoma nyuklia huanza kunitengenezea sababu nzuri: eti nilitaka kuleta umeme vijijini, eti niliwaonea huruma wagonjwa wanaosubiri mashine za mionzi. Sababu hizo nimezitumia mwenyewe kwenye usaili, na zimenisaidia sana. Lakini siku ninaweka alama kwenye programu hiyo katika fomu ya chuo sikuwa nawaza umeme wa mtu yeyote. Nilikuwa nawaza uso wa baba mdogo atakapoisoma.

Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba yangu. Ni mratibu elimu kata mstaafu, mzee wa kanisa, na kwa miaka yote niliyokuwa nakua alikuwa mchaguaji wa ukoo wetu. Matokeo yakitoka, mtoto anapelekwa kwake na mzazi, amebeba kibuyu cha maziwa au jogoo, anatoa shikamoo, kisha anasema maneno ambayo sote tulifundishwa tungali wadogo: "Nimekuja kuchaguliwa." Baba mdogo anavuta kiti barazani, anautazama mlima Hanang kama vile huko ndiko zilikoandikwa kazi za watoto wote, kisha anatamka. Hakuulizi unapenda nini. Anaangalia ukoo umepungukiwa nini, kama mkulima anayetafuta pale ambapo mahindi hayakuota. "Manesi tunao," anasema. "Polisi hatuna." Na kijana aliyekuwa anafungua redio na kuzifunga tena akaenda kuwa polisi.

Ukishachaguliwa unasema, "Nashukuru kuchaguliwa," mnakunywa maziwa, mambo yamekwisha. Bila neno hilo uchaguzi haujakamilika. Ndiyo maana baba mdogo alipenda kusema kwamba hajawahi kumlazimisha mtu. Kila mtu ameshukuru kwa mdomo wake mwenyewe. Nina binamu yangu Bashay ambaye alikuwa anachora picha za watu mpaka unaona kama watakusalimia. Alishukuru. Leo ni bwana shamba, anakagua magonjwa ya vitunguu saumu, na anavitazama vile vitunguu kama watu waliompeleka jela.

Mimi nilichaguliwa mapema kuliko wote. Baba yangu alipofariki nilikuwa shule ya msingi bado, na turubai la msiba halijashushwa baba mdogo alimwambia mama, "Shemeji, usiwe na wasiwasi. Huyu atakuwa mwalimu. Mwalimu wa kike anapangiwa karibu, anaolewa mapema, hapotei." Mama alikuwa anamimina chai. Mimi nilimjibu, ila moyoni, na jibu lenyewe siwezi kuliandika hapa.

Kidato cha tano na cha sita nilisoma Mbulu, shule ya bweni ya wasichana, kwenye baridi ya kukufanya ulale na sweta la shule. Huko mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba kiini cha atomu nzito kinaweza kuvunjika chenyewe, na kwamba ukikishika kiini kimoja huwezi kujua kitavunjika lini. Inaweza kuwa leo, inaweza kuwa baada ya wajukuu wako kuzeeka. Hakuna wa kukiamulia. Wenzangu waliandika notisi. Mimi niliacha kuandika nikacheka peke yangu, mpaka mwalimu akaniuliza kuna nini. Nilikuwa nimepata kitu duniani ambacho hakiwezi kupelekwa kwa baba mdogo kikachaguliwe.

Kwa hiyo matokeo yangu yalipotoka, mazuri kuliko alivyotarajia mtu yeyote pale nyumbani, nilipekua mwongozo wa vyuo kwa lengo moja. Nilitafuta fani ambayo baba mdogo hawezi kuitolea hotuba. Udaktari angeutolea. Uhandisi wa ujenzi angeutolea na mfano wa daraja angeuweka. Nilipofika kwenye nyuklia, kwenye chuo cha mbali na kwetu, nikajua hapa mzee atakwama. Nikasoma na masomo yenyewe: kinu cha nyuklia, mionzi, kuta za kuizuia, joto linavyotolewa. Nikasoma tena. Sitadanganya, pale pale nilivutiwa kweli. Ila hasira ndiyo iliyofika kwanza.

Kosa nililofanya ni kosa la mtoto wa kwetu. Nilipokwenda mjini Katesh kwenye duka la stesheneri kutuma maombi, kijana wa pale aliniuliza, "Namba ya simu?" Nilikuwa na simu ndogo ya mama mfukoni. Lakini kwetu jambo kubwa halisajiliwi kwa namba ya mtoto wala ya mjane. Linasajiliwa kwa namba ya mkubwa wa nyumba. Ndivyo walivyofanya binamu zangu wote. Mdomo wangu ukataja namba ya baba mdogo kabla kichwa hakijafikiri. Yaani nilikuwa nakwenda vitani na panga nimempa adui anishikie.

Niliomba programu mbili: nyuklia, na ualimu kama akiba, ili nyumbani wasinisumbue. Vyuo vyote viwili vikanipokea. Ukipokelewa kwenye zaidi ya kimoja unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe wa simu, kabla dirisha halijafungwa. Usipothibitisha unapoteza vyote, unakaa nyumbani mwaka mzima. Namba hiyo ikatumwa, na ikaingia kwenye simu ya baba mdogo.

Aliitisha kikao cha ukoo nyumbani kwetu. Ilikuwa kiangazi, mabua yamebaki shambani, upepo wa Hanang unapeperusha vumbi mpaka kwenye vikombe. Walikuja wazee wa ukoo, wakakaa sebuleni. Mama alikuwa anawapitishia chai kwa birika kubwa. Mimi nilisimama karibu na mlango.

"Shikamoo baba mdogo," nilisema.

"Marahaba. Naona umepata vyuo viwili. Kimoja kizuri, kimoja cha mabomu."

"Si cha mabomu, baba mdogo."

"Usinifundishe. Nimekuwa kwenye elimu wewe hujazaliwa. Ualimu umepata. Sema unashukuru, mimi nithibitishe, tunywe chai."

"Sishukuru."

Neno hilo halikuwa limewahi kusemwa mbele yake. Nilimwona akihamisha simu kutoka mfuko wa shati kwenda mfuko wa ndani wa koti, taratibu, ili nione inakokwenda.

Kisha akawageukia wazee, akaacha kuzungumza na mimi. "Ndugu zangu, hiyo nyuklia ni moto usioonekana. Unaingia tumboni mwa mwanamke, unaivisha kizazi. Nani ataposa tumbo lililokwisha kuiva? Tumbo la huyu ni la ukoo. Na tangu mwanzo lina kasoro, limetoka kwenye tumbo la porini." Akaonyesha kwa kidevu upande wa mama.

Wazee waliinamisha vichwa. Kwetu Wairaqw mwanaume wa heshima hataji kizazi cha mwanamke mbele yake, na wao walijua. Lakini mama yangu si Mwiraqw. Ni Mbarbaig wa tambarare za chini ya mlima, wafugaji, aliolewa Nangwa akabatizwa wiki ya ndoa. Kwao, mwanaume akilitukana tumbo la mwanamke mmoja amewatukana wanawake wote, na wanawake wote watamhukumu. Baba mdogo alijua habari hiyo. Aliichukulia kama hadithi za watu wa porini.

Mama aliweka birika chini katikati ya sebule, mahali ambapo kila mtu angelazimika kulizunguka, akaingia chumbani. Nikasikia sanduku likifunguliwa. Alipotoka alikuwa amevaa sketi ya ngozi ya kwao, ile wanayovaa wanawake walioolewa, ambayo sikuwa nimemwona nayo tangu niwe na akili. Ilikuwa imekakamaa kwa kukaa. Hakumuaga mtu. Akashika njia ya tambarare, na mimi nikamfuata nyuma bila kuulizwa.

Siku wanawake wa tambarare walipokutana kumhukumu, kwa bibi mzaa mama, mimi sikuruhusiwa kukaa nao. Kikao kile ni cha walioolewa, na mwanaume akikikaribia anatozwa hata kama hakuwa na kesi. Nilikaa kwenye zizi la ndama, nimejifunika shuka la bibi, naona migongo yao na fimbo zao na bangili za shaba mikononi. Walizungumza zamu kwa zamu. Lugha ya mama naisikia nusu tu, lakini neno la tumbo nilikuwa nalisikia vizuri, na kila lilipotajwa kulikuwa na mngurumo. Nilifurahi. Kichwani mwangu nilimwona baba mdogo akipigwa fimbo mbele ya washarika wake. Nilimwona analia. Nilikaa pale na ndama wananilamba miguu, nikimpangia adhabu moja baada ya nyingine.

Mama aliporudi aliniambia kwa kifupi, "Atatoa fahali."

"Na namba ya chuo?"

"Chuo si neno lao. Neno lao ni tumbo."

"Mama, dirisha linafungwa! Fahali atanipeleka wapi mimi?"

"Nyamaza," alisema. "Watu wakikuchotea maji, usiulize kwa nini si maziwa."

Sikunyamaza. Nililia kwa hasira, nikamwambia kwamba kikao chao chote hakina maana, watakula nyama na mimi nitabaki Nangwa napalilia mbaazi. Mama aliniacha nimalize. Bibi yangu, mama yake mama, alisikiliza kelele zile akauliza mtoto anasema nini. Hakuna aliyemtafsiria.

Baba mdogo alicheka hukumu ilipomfikia. Alisema yeye ni Mwiraqw, Mkristo, na mtumishi mstaafu wa serikali, hawezi kuhukumiwa na wanawake wa porini. Alichosahau ni ng'ombe wake. Nangwa ni mashamba kila upande, hakuna malisho ya kutosha, kwa hiyo wengi wetu tunaweka ng'ombe kwa wafugaji wa tambarare: mfugaji anapata maziwa, mwenye ng'ombe anapata ndama. Ng'ombe wa baba mdogo walikuwa kwenye maboma kadhaa kule chini. Na kwenye boma, anayekamua ni mwanamke.

Wanawake waliacha kukamua ng'ombe wake. Walikamua wengine wote, wake wakawaruka. Ng'ombe mwenye kiwele kilichojaa analia mpaka watu wa boma hawalali, na wanaume wa kule hawakuwa tayari kukosana na wake zao kwa ajili ya mratibu elimu mstaafu. Wakawaswaga ng'ombe wake wote hadi Nangwa, wakawaacha mbele ya baraza lake, lile la kuchagulia watu. Nilikwenda kutazama. Nilisimama barabarani waziwazi, sikujificha. Ng'ombe walikuwa wanalia, wanakula maua ya mama mdogo, na baba mdogo amesimama katikati yao na koti lake hajui ashike wapi.

Alimwita mkewe. Mama mdogo ni mwanamke mpole, miaka yote ninamfahamu sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Alitoka nje na kiti, akakaa, akafunga kanga vizuri, akawaangalia wale ng'ombe.

"Mama nanihii, kamua," baba mdogo alimwambia.

"Mimi pia nina tumbo," alisema mama mdogo, akabaki amekaa.

Kwa hiyo alitoa fahali. Alimpeleka mwenyewe tambarare, siku moja kabla ya dirisha kufungwa, na wazee wawili wa ukoo wakamsindikiza mpaka mahali wanaume wanapoishia. Wanawake walimpokea fahali, wakamchinja wenyewe, wakachoma na kula, na baba mdogo akakaa mbali juani akisubiri waliomhukumu washibe. Mkosaji akishalipa, yule aliyetukanwa anampaka samli kwenye paji la uso, na hapo neno limekwisha: ng'ombe wake wanarudi maboma, watu wanasalimiana naye. Asipopakwa bado ana deni, hata kama ametoa zizi zima.

Mama alimwendea akiwa na samli kwenye kibuyu kidogo. Mimi nilikuwa nyuma yake. Safari hii hakuna aliyenifukuza. Baba mdogo aliinama kidogo, kofia mkononi, apakwe. Mama akachovya kidole. Halafu akakisimamisha pale hewani.

"Simu," alisema.

"Shemeji, nimeshalipa. Waulize wenzako."

"Simu, shemeji."

Wanawake walianza kunung'unika. Kumwongezea mtu adhabu baada ya hukumu si desturi, hata mimi nilielewa kwamba mama anavunja kanuni za kwao mbele ya watu wa kwao. Mmoja akamwambia ampake watu waende nyumbani. Mama hakusogea, na samli ilikuwa inamshuka kwenye kiganja. Hapo ndipo bibi yangu alipouliza tena, kwa sauti ya kukasirika, mtoto alikuwa analilia nini siku ile, na mama akamweleza, mbele ya wote, kwa lugha yao, kila kitu.

Bibi alifikiri. Kisha akasema maneno ambayo mama alinitafsiria baadaye: "Alilitukana tumbo. Huyu binti ndiye aliyetoka kwenye tumbo hilo. Fahali tumekula sisi. Yeye amekula nini?"

Mwanamke aliyekuwa ananung'unika alikaa chini.

Baba mdogo aliitoa simu. Lakini alikuwa baba mdogo bado, hakunipa hivi hivi. Aliishika, akaniangalia mimi, akasema kwa upole, kama anavyosema na watoto barazani, "Basi sema neno moja tu. Nashukuru. Nakupa, unakwenda kwenye hiyo nyuklia yako, lakini ukoo uone umechaguliwa."

Ningeweza kusema. Neno moja, na nilikuwa nimefika. Wengine wamenilaumu kwa ukaidi, lakini nilijua nikilisema nitakuwa nimekwenda kwa ruhusa yake, na kila nitakachofanya maisha yangu yote kitakuwa kimetoka barazani kwake.

"Sishukuru," nilisema, nikaichukua simu mkononi mwake.

Niliandika ile namba kwenye kiganja kwa kalamu ya mzee mmoja wa ukoo, nikamrudishia simu, nikapanda pikipiki kwenda Katesh huku nimefumba ngumi ili jasho lisiifute. Kijana wa stesheneri alithibitisha. Nilimwomba anigeuzie kioo cha kompyuta nisome mwenyewe. Nyuma yangu, kule tambarare, mama alikuwa ameshampaka baba mdogo samli. Mimi sikumpaka kitu, na sikumpa shikamoo tena. Kwetu mtu akikunyima shikamoo mbele za watu anakuwa amekupiga, na mimi nilimpiga kila nilipokuja likizo.

Chuoni niliteseka. Hisabati za mwaka wa pili nilizirudia. Kulikuwa na siku naketi mbele ya mlinganyo wa mtawanyiko wa nyutroni mpaka macho yanauma, wenzangu wote wametoka shule za mjini, na nilitaka kuacha. Kisha namkumbuka baba mdogo akihamisha ile simu kwenye mfuko wa ndani. Nalisoma swali upya. Mchungaji wa chuo alihubiri mara nyingi kwamba kisasi humchosha anayekibeba. Mimi hakikunichosha. Kilinifaulisha thamodinamiki.

Nilipohitimu, kanisa la nyumbani lilifanya ibada ya shukrani kwa wahitimu wa ukoo. Kanisa lilijaa. Bibi na wanawake kadhaa wa tambarare walikuja, wakakaa benchi za nyuma. Baba mdogo akapewa kipaza sauti kama mzee wa kanisa, akasimama, akaeleza jinsi ukoo wetu ulivyopiga hatua. Akataja manesi. Akataja polisi. Kisha akaninyooshea mkono.

"Na huyu wa nyuklia," alisema, "wengi mnaniuliza nilionaje. Niliona mbali. Nikasema ukoo hauna mtu wa sayansi ya kisasa. Nikamchagulia. Ilikuwa vigumu, kulikuwa na upinzani kutoka kwa ndugu, lakini nilisimama imara."

Watu walipiga makofi. Ubaya wa jambo lile ni kwamba hakuwa anadanganya kwa hila. Nilimtazama usoni nikaona ameshaamini. Miaka yangu yote ya kukosa usingizi ameibeba na kuiweka barazani kwake, pamoja na wale manesi na polisi.

Nilipopewa kipaza sauti nilipaswa kumshukuru Mungu na wazazi. Nilimshukuru Mungu. Nikamshukuru mama. Halafu nikasema, "Baba mdogo hakunichagulia. Alisema hadharani kwamba tumbo langu litaiva. Alikaa na namba yangu ya uthibitisho mfukoni mpaka dirisha lilipokaribia kufungwa. Wanawake wale pale nyuma ndio waliomtoza fahali, na mimi nilichukua simu mkononi mwake. Asiyeamini awaulize." Nikarudisha kipaza sauti nikakaa.

Mchungaji alianzisha wimbo haraka haraka. Lakini kule nyuma bibi alikuwa ameshatafsiriwa, na kicheko cha wanawake wa tambarare kilikwenda juu kuliko kwaya. Baba mdogo alibaki amesimama, kitabu cha nyimbo mkononi, hakukifungua. Watu wamenieleza kwamba nilimwaibisha mzee, kwamba ibadani si mahali pake, kwamba angekufa siku zile ningejisikiaje. Nilijisikia vizuri. Nilikula wali mara mbili. Na tangu siku hiyo hakuna mzazi aliyepeleka mtoto barazani kwake. Nimepita pale, kiti kipo, kimekauka kwa jua.

Asubuhi iliyofuata ibada ile, binti wa mwisho wa baba mdogo alikuja kwetu. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, mtoto mkimya kama mama yake. Alinipa shikamoo, akaketi ukingoni mwa kiti, akatoa simu. Ilikuwa yake, na laini yake, alihakikisha naona.

"Dada, nisaidie kutuma maombi ya chuo. Kwa namba yangu."

Hii sikuwa hata nimeiota. Alama zake zilikuwa nzuri ajabu, nilikuwa nimeshaziona. Angeweza kwenda nyuklia. Angeweza kwenda urubani, uhandisi wa meli, kitu chochote cha kumkausha baba yake mate mdomoni. Nilifungua ukurasa, vidole vinawasha.

"Sema," nikamwambia. "Unataka nini?"

"Ualimu. Wa watoto wadogo, wa awali."

"Usimwogope baba yako. Hayupo hapa."

"Simwogopi. Ndiyo maana nimekuja kwako. Nikituma kwa namba yake atasema ni yeye aliyenichagulia."

"Ukiwa mwalimu atafurahi, unajua?"

"Atafurahi," alisema. "Lakini ualimu ni wangu."

Nilimwambia habari za kinu. Nilimwambia habari za mshahara, za kusafiri, za chuo changu na maabara zake. Alinisikiliza kwa adabu zote, mikono magotini, na nilipomaliza akasema tena kwamba ni ualimu. Kidole changu kilikuwa juu ya nyuklia, na namba yake ya siri nilikuwa nayo tayari. Nikasogeza ukurasa, nikaandika ualimu. Sijawahi kuandika neno kwa hasira kama ile.